Masahihisho Niliyotuma kwa Jina la Bi Mihuri

Chumba Na. 4, Ofisi ya Kumbukumbu,
Kituo cha Afya, S.L.P. 61.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limekubali angalau kupanda ngazi bila kunung'unika. Mama anauliza kama ile miwani mpya unaivaa, au bado unaitunza kwenye kasha ili isichakae. Sisi hatujambo. Mama kifua kimepoa, na Bibi anakula vizuri, isipokuwa akijua anaangaliwa.

Naandika leo kwa sababu nataka jambo hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mkuu wangu wa kazi. Wewe ndiye uliyeandika barua ya udhamini nilipoajiriwa, na namba yako anayo. Tafadhali soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nilikueleza kwamba kadi za chanjo za watoto sasa tunaziingiza kwenye kompyuta. Programu tunayotumia ni huria, yaani haina mwenyewe mmoja. Imeandikwa na watu waliotawanyika huku na huko, wengi hawajawahi kuonana, na mtu yeyote anaweza kuifungua akaona ilivyoandikwa ndani. Akikuta kosa, anatuma masahihisho. Wenzake huyapitia mbele ya macho ya watu wote, kisha wakayakubali au wakayakataa.

Mwezi uliopita muuguzi wa chanjo aliingia chumbani kwangu amebeba mtoto mchanga, na mama wa mtoto yuko nyuma yake na mwingine mgongoni.

"Karani, kompyuta yako inasema huyu nimeshamchoma. Mimi hata sijamgusa. Au ndiyo nimeanza kuzeeka?"

Walikuwa mapacha. Nilipochunguza niligundua kwamba programu ikiona watoto wawili wa mama mmoja, wenye tarehe moja ya kuzaliwa, inadhani karani amemwandika mtoto yuleyule mara mbili. Jina la mtoto hailiangalii, maana wengi huandikishwa kabla hawajapewa jina. Basi inawaunganisha kimyakimya, na sindano ya mmoja inahesabiwa kwa wote wawili.

Nikatoa madaftari ya zamani nikalinganisha. Tulikuwa na jozi kumi na moja za mapacha, na katika jozi nne mtoto mmoja alikuwa amekosa sindano. Nilihesabu mara tatu. Si bure uliniita Mkaguzi tangu utotoni. Muuguzi alikwenda kuwatafuta nyumba kwa nyumba, na wote wanne wamepatikana.

Chuoni nilifundishwa kidogo kuandika programu, na ile kompyuta kuukuu uliyonipa haikukaa bure. Kwa Jumamosi mbili niliandika masahihisho ya mistari kumi na tisa. Kuyatuma ndiko kulikonishinda. Nilijiona kama mgeni anayemwambia mwenye nyumba kwamba mlango wake umepinda. Mwishowe nilifumba macho nikabonyeza.

Aliyenijibu anajiita Kinyozi, kwa sababu kazi yake ni kupunguza mistari ya wenzake. Salamu hakutoa. Aliandika tu: "Umewaza mapacha. Wakija watatu je?"

Sikuwa nimewawaza hao. Akanyoa mpaka ikabaki mistari saba: programu isiunganishe watoto kwa akili yake kamwe, imuulize karani kwanza. Niliumia kidogo, halafu nikakiri kwamba saba yake ni bora kuliko kumi na tisa yangu. Akajibu kwamba ningekaa kimya asingekuwa na cha kunyoa.

Sasa kosa langu. Kila anayetuma masahihisho lazima aweke jina lake chini, kuthibitisha kwamba kazi ni yake na ameitoa kwa hiari. Mjomba, kwa miezi mitano sijasaini kitu kwa jina langu. Kila barua inayotoka chumba hiki huishia na "kwa niaba ya Mkuu wa Kituo". Mkono ukaandika wenyewe: jina la mkuu, cheo chake, na barua pepe ya ofisi. Nilisoma mara mbili nisione kitu.

Mkuu wetu tunamwita Bi Mihuri, maana mihuri yote ya kituo inakaa kwenye mkoba wake, hata akienda msalani. Barua pepe huchapishiwa ndipo azisome. Jumatatu akachapishiwa shukrani kutoka kwa watu asiowajua, wakimsifu kwa ustadi wake na kumjulisha kwamba ameingizwa kwenye orodha ya watengenezaji.

Akaniita, akanisukumia karatasi. "Binti, mimi nimeandika programu lini?"

Nilieleza huku nimeshika kiti. Akasema nifute vyote kabla ya Ijumaa, jina lake na hayo masahihisho, la sivyo faili langu la kuthibitishwa kazini halitoki kwenye droo yake. Nikasema, "Sawa, Mkuu," nikaenda mpaka mlangoni.

Pale mlangoni nikawakumbuka wale wanne. Nikarudi. Nikamwambia jina lake nitalifuta leo hii, kosa ni langu, lakini masahihisho siwezi kuyaondoa. Programu hiyo inatumiwa na vituo vingine vingi, na huko nako mapacha wanazaliwa. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka yote.

"Na yakiharibu kitu, nani atajibu?"

"Mimi."

"Wewe nani? Karani wa majaribio?"

"Ndiyo, Mkuu. Huyo huyo."

Muuguzi, aliyekuwa amekuja kugongewa mhuri, akadakia kwamba yeye ndiye aliyeliona kosa, na kama ni kufukuzwa basi tupangwe foleni moja. Bi Mihuri akamwambia hajaulizwa. Kisha akavua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Haya, weka jina lako. Mzigo wako, kichwa chako."

Nikawaandikia watengenezaji wote kukiri kosa, nikaweka jina langu kamili. Mmoja wao aliuliza kama Mkuu wa Kituo amestaafu mapema hivyo. Kinyozi akabadilisha jina, masahihisho yakaingizwa kwenye toleo jipya, na Alhamisi fundi akatuwekea toleo hilo. Ijumaa akaja mama mwenye mapacha wa wiki sita. Kompyuta ikaniuliza kama hawa ni watoto wawili tofauti. Nikajibu ndiyo. Kila mmoja akalia kwa sindano yake mwenyewe.

Faili langu limetoka kwenye droo, ila si kwa namna tuliyoitarajia. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio kwa kutumia jina la mkuu bila ruhusa. Ni haki, na nimekubali.

Kwa hiyo nina ombi moja: usimpigie simu kuniombea. Umeniombea tangu darasa la kwanza, niliposhindwa kumwambia mwalimu kwamba siuoni ubao. Safari hii ubao nauona. Miezi mitatu nitaimaliza.

Nisalimie mkeo, na binamu yangu Kisirani mwambie kitabu changu sijakisahau. Mama na Bibi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na hilo goti alilegeze uje kututembelea.

Ni mimi nikupendaye, na si kwa niaba ya mtu yeyote,

Mpwa wako,
Mkaguzi