Tarumbeta la Samaki

Uvira, Jumapili, baada ya misa. Mvua.

Mvua ilianza tukiwa bado kanisani na mpaka sasa haijakata. Milima imefunikwa, ziwa limefunikwa, na kichwa changu nacho kimefunikwa. Naandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari la shule la binti yangu Furaha. Nikiendelea kuzungumza peke yangu kwa sauti, mke wangu atadhani nimerukwa na akili, na sina hakika kama atakuwa amekosea.

Kesho saa mbili asubuhi natakiwa kwenye biro, ofisi ya serikali, mimi na tarumbeta langu.

Nianze na mambo yalivyo, labda yakikaa kwenye karatasi yatanyooka. Nilikuwa askari wa Wabelgiji kwa miaka saba, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwamuru mtu yeyote kitu chochote. Nilikuwa mpiga tarumbeta. Ofisa anasema, mimi napuliza, watu wanaamka, wanakula, wanajipanga, wanalala. Risasi nilizipiga kwenye mbao za shabaha tu, na mbao nyingi zilisalimika. Mkataba wangu uliisha wiki zilezile za uhuru. Ndani ya kitabu changu cha askari wakaandika kwamba sasa mimi ni wa akiba, maana yake naweza kuitwa tena wakati wowote wakinihitaji. Nililisoma neno hilo na kulisahau palepale. Nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Siku zile askari walikuwa wamewaasi maofisa wao wa kizungu, kambi ilikuwa vurugu tupu, na hakuna aliyeniuliza tarumbeta liko wapi. Nikaja nalo. Nikisema niliiba, sivyo. Nikisema nilipewa, sivyo pia. Limening'inia kwenye msumari karibu na mlango, karibu mwaka wa nne sasa.

Na limenilisha, lazima nikiri. Mzee Mulonda ana mitumbwi mitatu ya kuvua ndagala, dagaa wa ziwa hili, kwa taa. Inarudi jua likichomoza, lakini upepo unaitupa popote, leo Kalundu, kesho karibu na mto Mulongwe, na wanawake wanaonunua walikuwa hawajui wakimbilie wapi. Ndagala hawana subira. Jua likipanda kidogo wanapasuka matumbo, na mali inakuwa harufu. Basi kazi yangu ni kuwahi pale mitumbwi inapogusa mchanga na kupuliza mlio wa supu, uleule uliokuwa ukiwaita askari na sahani zao. Wanawake wanatoka kila upande, vitunga kichwani. Watoto wa mtaa wananiita Baba Supu. Sijawahi kukasirika kwa jina hilo, na sasa nalipenda zaidi kuliko nilivyojua.

Mwezi ukijaa hatufanyi kazi, kwa sababu samaki hawafuati taa wakati kuna mwanga kila mahali. Mwezi umejaa juzi. Kwa hiyo kesho hakuna samaki, na tarumbeta likisikika kesho, kila mtu atajua si la wanawake.

Jumatano karani wa serikali alipita mtaani na baiskeli yake, akasoma karatasi mbele ya soko. Wale wote walioandikwa akiba waje Jumatatu na vitabu vyao, na kitu chochote cha jeshi walicho nacho. Karatasi ikaishia hapo. Haikusema ni kwa nini.

Basi kila mtu akajiandikia mwisho wake. Wengine wanasema tutapewa bunduki na kupelekwa bondeni, upande wa Kamanyola, kupigana na waasi wanaoteremka kutoka milimani. Wengine wanasema hapana, tutafungiwa ndani, ili waasi wasije wakatuchukua wao, kwa kuwa nao wanawatafuta watu wanaojua kufungua bunduki na kuifunga tena. Wapo wanaosema ni kuhesabiwa tu, halafu kila mtu atarudi kwake. Mimi nawaamini wote. Asubuhi namwamini huyu, jioni namwamini yule.

Na waasi wenyewe si watu wa kutoka mwezini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliondoka na jembe lake kwenda kulima Lemera, na watu wanasema sasa yuko nao kule juu. Ndiye aliyeniezekea nyumba hii. Nikitazama juu ninapoandika naona mafundo yake ya kamba, na hakuna hata mahali pamoja panapovuja leo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Alhamisi alfajiri nilikwenda ufukweni nikiwa sijapata usingizi wa maana, ile karatasi ikinizunguka kichwani. Mitumbwi ya mwisho kabla ya mwezi ilikuwa inaingia. Nikainua tarumbeta kupuliza supu. Kilichotoka si supu. Kilichotoka ni mlio wa kujipanga, ule wa askari wote uwanjani mara moja. Niliutambua mapema kabisa, ningeweza kukata. Mdomo haukukata. Ulikwenda mpaka mwisho, safi, kama ofisa angekuwa amesimama nyuma yangu na saa mkononi.

Wakaja.

Kwanza sikuelewa ni nani wanaokimbia. Mmoja alikuwa na sabuni nusu ya uso, nusu nyingine ameshanyoa. Mwingine alikuwa na jembe begani kama bunduki. Koplo Kitoga, ambaye siku hizi ni seremala wa misioni, alikuja na penseli sikioni, akasimama mbele yao na kusema kwa sauti ile ya zamani, "Telema!" Wakasimama. Wanaume kumi na mmoja, visigino pamoja, katikati ya ndagala walioanikwa juu ya mchanga. Wengine wana mvi. Hakuna aliyeuliza kitu. Walitazama mbele tu, wakangoja.

Nitaandika na hili, kwa kuwa daftari halitanicheka. Nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi mpaka macho yakaniuma.

Halafu Kitoga akanigeukia, akauliza ni nani ametuita. Nikasema hakuna mtu, nimekosea, nilitaka kuita samaki. Wachache walicheka. Wengine walinitazama kama mtu aliyewavua nguo hadharani, na yule wa sabuni alifuta uso kwa mkono akaenda zake. Wanawake walichelewa, Mzee Mulonda akagomba asubuhi nzima, na alikuwa na haki. Lakini hayo si mabaya yenyewe. Mabaya ni kwamba karani alikuwa barabarani na baiskeli yake, ameona kila kitu.

Ijumaa akaja kwangu. Akakaa vizuri, akakubali chai, akawauliza watoto hali. Kisha akasema kwamba amezunguka siku mbili na karatasi na wanaume wanajificha chooni wakimwona, lakini mimi nimewaleta kumi na mmoja kabla hajashuka kwenye baiskeli. Kwa hiyo Jumatatu nije mapema na tarumbeta, nisimame mbele ya biro, nipulize mlio uleule. Akalitazama pale msumarini na kuongeza, kwa upole kabisa, kwamba ile ni mali ya serikali na mpaka sasa hajaandika popote ameiona wapi.

Nikamuuliza tunaitiwa nini. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Akasema karatasi imetoka Bukavu, naye amesoma kilichoandikwa. Nafikiri alikuwa anasema kweli. Nafikiri hata yeye anaogopa. Hilo limenichanganya zaidi, kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja awe anajua.

Leo baada ya misa walikuwa wananingoja nje ya kanisa, chini ya paa, si wote lakini wengi wao. Habari ya karani ilikuwa imeshawafikia. Kitoga ndiye aliyesema kwa niaba yao. Walikuwa wamekaa jana, wamejadiliana mpaka wakachoka, wameshindwa kukubaliana, na mwisho wamepata njia.

"Kashindi, sisi batu tumechoka kuwaza," alisema. "Weye ukipiga kesho, tutakuya. Ukinyamaza, kila mutu abaki kwake."

Nikasema minye ni mupiga tarumbeta tu, siko ofisa. Wakaitikia kwa kichwa kana kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe. Nadhani wanaamini kwamba mtu kama mimi hapulizi bila kuambiwa na mwenye kujua. Walikuwa na nyuso nyepesi walipoondoka. Mzigo wao nilikuwa nao mimi.

Tangu hapo nazunguka mahali pamoja. Nikipiga, nimewaita, na kama ni kifungo, nimewafunga kwa mdomo wangu. Kama ni vita, nimewapeleka. Nisipopiga, nimewakataza, na karatasi ikisema baadaye kwamba asiyekuja ni mwasi, nitakuwa nimewafanya waasi watu wanaorekebisha milango na kulima pamba. Miaka saba nilitamani siku moja tu ya kuamuru. Nimeipata, na ningeirudisha leo kama ningejua kwa nani.

Mke wangu amesikiliza haya yote huku akichambua mchele. Amesema shangazi yake anakaa ng'ambo, Burundi, na mtumbwi upo kwa anayetaka kuvuka. Lakini alilosema kabla ya hilo ndilo lililonibana.

"Baba Furaha, bakikupa bunduki, na kaka yangu iko kule juu, utafanya nini?"

Nilitoka nikasimama mlangoni kama mtu anayeangalia mvua.

Halafu nikavaa kofia nikaenda kwa Kitoga. Nilikuwa nimepata wazo, na kwa hatua zote za kwenda niliona ni wazo zuri. Nitamwambia kwamba kesho sitapiga, lakini kunyamaza kwangu kusihesabiwe kuwa ni neno. Tarumbeta litabaki nyumbani, litakuwa chuma tu. Kila mtu akae na mke wake aamue. Yeye apeleke habari kwa wengine, na mimi nitakuwa nimetoka katikati.

Nilimkuta barazani. Alikuwa anapaka viatu vyake vya jeshi mafuta ya mawese, kimoja mkononi, kimoja kimeshang'aa pembeni. Tulikuwa hatujaongea bado na tayari nilianza kusahau nilichotaka kusema. Nilisema hivyohivyo, kwa kigugumizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, anazungusha kitambaa.

"Na weye mwenyewe?" akauliza.

Jibu la swali hilo sikuwa nimeliandaa. Nikajibu kilichokuwepo. "Minye nitaenda. Karani anajua nyumba yangu. Anajua na ile tarumbeta. Nikikimbia, batakuya kwa mama Furaha."

Kitoga akashusha kiatu, akakipanga sawasawa na mwenzake.

"Basi umeisha kupiga, Kashindi."

Hakusema kwa ubaya. Alinikaribisha ndani nisubiri mvua ipungue, nikakataa, nikarudi nikilowa. Njiani niliona wawili kati ya wale kumi na mmoja wamekaa kwenye vibaraza vyao, na wote wawili walinyanyua macho kunitazama ninapotoka na ninapokwenda. Zamani wangenisalimu tu kwa jina la supu.

Sasa nimekaa hapa. Tarumbeta liko kwenye msumari. Mke wangu ameanika shati langu jeupe karibu na moto, amelinyoosha vizuri, na sijamuuliza kama ni la biro au la mtumbwi. Nikienda biro wataniona na kunifuata, kwa hiyo nimepiga. Nikivuka ziwa, nimepiga pia, mlio mwingine tu, na watausikia kabla sijafika katikati ya maji.

Kesho kabla ya saa mbili wanaume kumi na mmoja watakuwa wameamka, wameweka kahawa chini, wanatazama mlango wangu. Na mimi nikisimama ndani ya mlango huo na shati safi, nitakuwa namtazama nani?