Mtoto Mwenye Mama Wengi Mno

Mama Zawadi,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa heshima zote zinazostahili, natangaza kifo cha kiti chako cha plastiki, kile chekundu ulichokuwa ukikalia ukisuka watu pale sokoni Warwick. Kilitutoka Jumanne mchana, chini ya afisa wa ustawi wa jamii. Afisa hakuumia. Kiti hakikuacha wosia.

Afisa alikuja kwa ajili ya Neema. Ni yule yule aliyekuja ulipokuwa hai, ukamwambia "ni wangu" kabla hajamaliza swali, akafunika kalamu yake akaenda. Tangu tukuzike amesikia kwamba sokoni iko mtoto analala juu ya mizigo, leo Warwick, mwisho wa mwezi Pinetown, kesho kutwa hajulikani. Unayajua maisha yetu: tunafuata mishahara ya watu mji kwa mji, kama nzi na embe. Mama yake Neema aliishi hivyo hivyo, mpaka aliporudi Lubumbashi kuchukua vitenge, vita ikafunga njia nyuma yake, na wewe ukabaki na mtoto.

Asubuhi ile tulikuwa tumekubaliana, sisi watatu: Yaya Odette, dada yetu mkubwa, wa samaki wakavu, Mama Chiku Mtanzania wa sambusa, na mimi mwanafunzi wako. Serikali inampa kitanda na shule mtoto asiye na mtu. Basi tuseme ukweli, huyu hana mtu. Mama Chiku akapiga makofi: "Jamani, kitanda! Hata mimi ningejiita yatima."

Jambo moja tulilisahau. Afisa anasema Kizulu, sisi Kizulu chetu ni cha kuuzia tu. Anayekijua sawasawa ni Neema.

Akasimama katikati yetu, mikono nyuma, akatafsiri kwa sauti ya darasani: "Anauliza, huyu mtoto ni wa nani."

Mama... Kwetu mtoto haambiwi usoni kwamba hana mtu. Hata kama humjui, hata kama chungu ni kitupu, unasema wangu, mengine yatajulikana mbele. Sasa tumwambie, halafu yeye mwenyewe ampelekee afisa maneno hayo kwa Kizulu?

Yaya Odette aliwatazama samaki wake. "Wangu," akasema. Mama Chiku akamrukia: "Wako tangu lini? Huyu wangu!" Afisa akainama mbele kunitazama mimi, na hapo, eish, mguu wa kiti ukakata tamaa. Neema alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu msiba wako. Afisa akainuka, akapangusa sketi, bado ananingoja.

Nikasema wangu.

Sijui kama tulimpa mtoto kitu au tulimnyang'anya. Nawaza hilo kila nikishika kichana. Kitanda cha serikali kina godoro. Adabu yetu haina. Ningekuuliza, lakini nakujua, ungesema "Feza, suka," ukaniacha na swali langu.

Yule afisa si mjinga. Alitupitia kwa macho mmoja mmoja, kisha akasema mtoto mwenye mama watatu serikali haiwezi kumhesabu kama hana mtu, ila aliyesema mwisho ndiye atakayeulizwa kama anakwenda shule, na yeye atapita kuuliza. Neema akatafsiri yote, neno kwa neno, akinitazama. Bon, haya. Ndio msaada tuliopata kwa serikali: imenichagua mimi.

Basi njia ya mji kwa mji nimeiacha. Pinetown wanakwenda bila mimi, na wateja wangu wa kule sasa wanasukwa na mtu ambaye, nasikia, anavuta nywele kama kamba ya mbuzi. Nimepata nusu ya chumba huku mtaa wa Berea. Nusu nyingine, nyuma ya pazia, ni ya wasichana wawili wanafunzi. Neema ameanza shule na viatu vikubwa vya kukulia, unavisikia kabla hujamwona.

Nakuahidi, mama yake akirudi atamkuta hapa hapa, hatuhami. Na akiniuliza nilipata wapi uso wa kusema "wangu", nitamwonyesha kaburi lako.

Lala salama, Mama. Mimi silali. Mtoto anakoroma.