Aliyetoa Barafu

Mama, shikamoo.

Huku Mwanza mvua haijakatika tangu juzi, na ziwa limekuwa rangi ya majivu. Viwanda viwili vya samaki vya Nyakato vinataka kuungana, nami nimetumwa na ofisi yetu, inayopima kama muungano utawaumiza wauzaji, kuwauliza wavuvi: kimoja kikishusha bei ya kununulia, sangara wako utawapeleka cha pili au kwingineko? Mama mmoja mwenye mitumbwi alinikaribisha viazi, akasema, “Mwanangu, wakala wa kiwanda anayenipa barafu ya mkopo asubuhi ndiye mwenye samaki jioni. Sichagui.”

Fomu haina nafasi ya jibu hilo. Nikaweka alama kwenye “kwingineko”, kama tulivyoelekezwa ofisini. Kwa hesabu zetu sasa ana pa kukimbilia, na muungano haumdhuru.

Alinifungia viazi vingine vya njiani. Vimenishinda kula. Uniombee, Mama.

Mwanao, Neema