Mama Matonya Nje ya Mlango

Jumatano, 4 Septemba 1912

Siku nzima sijapata hata mstari. Hadithi yangu imekwama. Mwaka wa njaa, mume alimweka Mama Matonya rehani kwa kikapu cha mtama. Sasa mvua imenyesha, katembea kutoka Kolo alikowekwa mpaka kwake, kasimama nje ya mlango wa tembe yao. Ndani anamsikia mumewe akikohoa. Abishe hodi? Ageuke? Nimeandika “akabisha”, nimefuta. Nimeandika “akageuka”, nimefuta pia.

Jioni nikamsomea mume wangu, Mwalimu Bartolomayo, kama kawaida. Husikiliza kafumba macho. Akauliza ni nani hapa Zuzu atasoma kitabu cha mwanamke. Nikakunja karatasi zangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Kisimani, kutwanga, mwanangu Silvano ana homa. Hakuna kitu.

Mama yangu mdogo naye aliwekwa rehani. Hakurudi. Huyu nataka arudi vizuri — lakini kurudi vizuri ni kurudi vipi?

Jumapili, 8 Septemba

Mwalimu kasimama mbele kanisani, kafunga Biblia, kaanza: palikuwa na mwanamke, mwaka wa njaa. Mama Matonya! Wangu! Na kikapu, na kikohozi, neno kwa neno. Eti Mungu kamwonyesha ndotoni. Ndoto gani? Ndoto ya kusomewa na mkewe tangu masika!

Wanawake walilia. Wazee wakainama, maana wako wanaojua walichokibadilisha na mtama. Nami nikalia, watu wakadhani nimeguswa na Roho. Hadithi ilipofika mlangoni akaikatiza. Kama mwanamke alibisha au hakubisha, akasema, mtajua Jumapili ijayo. Wote wakaitikia amina, na mimi nikaitikia. Mjinga mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Leo nimekiona.

Jumatatu, 9 Septemba

Nilimwambia: Mwalimu, ile ni hadithi yangu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Mama Silvano, akasema, si sisi ni mwili mmoja? Chako si changu? Tena ungeisimulia wewe, nani angekaa kusikiliza?

Hilo la mwisho ni kweli. Ndiyo maana linauma.

Kisimani hakuna habari nyingine. Wawili nusura wapigane — huyu anasema aingie alee wanawe, yule anasema amwache mzee afe na kikohozi chake. Jirani yangu Ruthu akanishika mkono: mwenzangu, Mungu amekupa mume. Nikatwika mtungi nikaondoka.

Alhamisi, 12 Septemba

Ajabu ya mwaka. Mwalimu kachota maji mwenyewe! Kaenda Dodoma kwa miguu, karudi na chupa ya wino. Kaiweka mbele yangu taratibu, kauliza nimefika wapi.

Nikamwambia, muulize aliyekuonyesha ndoto.

Alicheka, lakini si sana. Kumbe hana mwisho! Mimi nimekwama, na yeye kakwama nyuma yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Kengele ya kwanza imelia. Uwanja umejaa, hata Waislamu wa stesheni wamekuja. Nimekaa nje, nyuma ya jiko, karatasi magotini. Mwalimu katoka na kanzu yake nyeupe, jasho linamtoka. Kaniambia, Mama Silvano, neno moja tu: alibisha au hakubisha?

Nimemtazama, nikajua. Tangu alfajiri nilikuwa nalisogelea jibu, sasa nimelishika. Mama Matonya hatabisha. Wala hatageuka. Atakaa chini palepale nje, anyamaze, mpaka anayekohoa atoke mwenyewe amtazame usoni. Niliumiza kichwa bure na mlango, kumbe si kazi yake kuufungua.

Kauliza tena. Sauti imekuwa ndogo, sijawahi kumsikia hivi. Hana wangu, nitawaambia nini watu? Ananiita jina langu — nilishalisahau.

Sijainua kichwa. Kalamu inakwenda, anaiona inakwenda, anadhani namwandikia yeye mwisho. Kengele ya pili hiyo. Kanyoosha mkono apewe karatasi, nami bado naandika.