Dada Hafanyi Kazi Hapa

Mama, shikamoo.

Leo nimepita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kununua sato, nikakukumbuka mpaka nikasahau kilichonipeleka. Nilikuona kabisa, umeshika kikapu, na mdogo wangu Deo nyuma yako ameziba masikio kwa viganja. Siku zile alikuwa akiwapangia wachuuzi sangara wao kwa ukubwa, na mtu akichomoa mmoja wa katikati, anaanza upya. Wengine walimcheka. Wewe ulisimama tu ukamsubiri amalize, hata mvua ikionekana inakuja juu ya ziwa.

Nina habari, Mama. Deo ana kazi.

Ndiyo, Deo wetu mwenye usonji, uliyezunguka naye ofisi baada ya ofisi, cheti chake cha utunzaji kumbukumbu kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Unakumbuka ule usaili wa Mirongo? Yule bwana alimwuliza, "Mbona hututazami usoni?" Ukamjibu wewe, "Mnataka macho yake au kazi yake?" Tulitoka bila kazi, lakini ulicheka njia nzima hadi nyumbani Butimba. Tulipofika ukaingia chumbani, ukafunga mlango. Nilikusikia, Mama.

Miezi minane baada ya kukuzika, hospitali moja hapa mjini ilitangaza nafasi ya masijala. Tangazo lilisema wenye ulemavu nao waombe, na waeleze wanahitaji nini ili wafanye kazi vizuri. Nililisoma mara mbili. Hawakumweka Deo mbele ya jopo. Walimpa rundo la mafaili yaliyochanganyika, wakamwacha ayapange asubuhi nzima. Akapata.

Wiki ya pili, jenereta ikawashwa nyuma ya dirisha lake. Deo alitoka mbio, akakaa chini ukutani akijitikisa, na siku hiyo hakurudi mezani. Kesho yake nikaitwa. Nilikwenda nikilia, nikijua yameisha. Mama Kabula, mkuu wa masijala, alitukaribisha viti, akanigeukia mimi: "Sasa tufanye nini ili abaki?"

Wewe uliniusia niwe mdomo wake. Basi nikaanza kueleza. Deo akainua mkono, macho sakafuni, akasema, "Mniulize mimi. Dada hafanyi kazi hapa."

Mama, sikujua nicheke au nilie.

Akayataja mwenyewe mahitaji yake: meza ihamishiwe upande wa pili, kazi za siku aandikiwe, na kukiwa na badiliko aambiwe mapema. Mama Kabula aliandika kila neno. Sasa hospitali nzima imeuingiza utaratibu huo, wa kumwuliza mfanyakazi mwenyewe anachohitaji, kwenye kanuni zake za ajira. Hata dada mmoja wa kufulia, aliyeficha miaka yote kwamba sikio moja halisikii, ameomba lake akapewa.

Deo amenenepa. Anaimba bafuni. Jumapili baada ya misa anatembea na mwenzake wa masijala hadi ufukweni. Hawaongei kitu, na wanarudi wamefurahi.

Natamani ungemwona, walau siku moja, akivaa kitambulisho chake.

Pumzika, Mama. Hofu uliyoondoka nayo, iweke chini sasa. Nakuahidi nitakuwa karibu naye siku zote, ila akiulizwa yeye, mimi nitanyamaza.

Mwanao,
Adela