Shingo Nene Kama Gunzi

Ibadakuli, Shinyanga
Jumapili

Kwa dada yangu mpendwa Juliana,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kharumwa, wewe na shemeji Valerian na wale watoto wako wa darasa la kwanza. Sisi nyumbani hatujambo. Kikohozi kimemwacha Mama, na yule ndama uliyekuwa ukimwogopa sasa ana pembe. Mvua ilinyesha vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa na tunayachoma kila jioni.

Dada, Mama alinionyesha ujumbe wako. Unasema unalia tangu Baba aseme haji harusini, na kwamba habari ya kukosa mtu wa kubaki na ng'ombe huiamini. Unahisi Baba hampendi shemeji. Nitakujibu, ila nivumilie nianze na habari nyingine. Kwa simu ningeshindwa. Unanijua, mtu akinisikiliza maneno yananikimbia.

Likizo hii nimekuwa nikishinda kwa fundi Magesa, yule anayekereza miguu ya vitanda. Nilimwomba anifundishe kukereza kikombe cha mti chenye shingo na kitako, kama nilichokiona kwenye kitabu cha maktaba ya shule. Alicheka mpaka akazima mashine. Aliniuliza kama nimeamua kuwa padri, maana vikombe vya namna hiyo yeye huviona altareni tu. Vijana wake wakaanza kuniita Paroko, na hadi leo nikifika wananiomba baraka.

Cha kwanza nilikiharibu. Nilitengeneza shingo nyembamba kama ya kwenye picha, ndipo nikaanza kuchimba tumbo la kikombe. Patasi ilipogusa tu, shingo ikakatika, kichwa kikarukia kwenye maranda. Magesa alikiri kwamba hata yeye alisahau: mguu wa kitanda mashine huushika huku na huku, lakini kikombe lazima mdomo uachwe wazi. Akasema tuchimbe tumbo kwanza, mti ukiwa bado mnene, shingo ije mwisho.

Jioni hiyo nilikaa na Baba tukila mahindi. Nikawa namwangalia mkono wa kulia anavyoshika gunzi. Halikumponyoka hata mara moja. Kesho yake nilikwenda karakana na gunzi mfukoni, nikamwambia Magesa shingo iwe nene kama hili. Alinung'unika sana, eti namharibia urembo, kitafanana na mchi. Nikakataa kata kata, nikakataa na vanishi pia. Nilikisugua kwa msasa, nikakipaka mafuta ya alizeti. Ni mninga, dada, kimeiva kama chai ya rangi.

Labda umeshadhani ni zawadi yako. Samahani, si chako.

Siku wageni walipoleta mahari, wewe ulikuwa chumbani. Mimi ndiye niliyegawa soda. Baba alipokea glasi kwa mkono wa kulia, ule uliobaki na vidole vitatu tangu jiwe limwangukie duarani alipokuwa akichimba madini. Ikateleza, soda yote ikamwagikia suruali ya baba mkwe wako. Wageni walisema si neno, ila mmoja alimletea glasi nyingine akaishikisha mkono wake wa kushoto, kama anavyofanyiwa mtoto. Baba hakuinywa. Tangu hapo, kila wanapotaja wazazi kugonganisha glasi mbele ya meza kuu, ndipo anapowakumbuka ng'ombe. Kwa kulia anaogopa, na kwa kushoto mbele ya wakwe ataonekana hana adabu. Baba anampenda shemeji. Kila akimtaja husema kijana yule anajua kusalimia.

Jumatano nilimpa kikombe nikiwa nimekitia maji. Alikishika shingoni, tumbo likakaa juu ya ngumi yake, akanywa yote, akaomba mengine. Sasa anakinywea chai, maziwa, hata uji. Mama anasema bado kukiogea tu. Jana alimwomba jirani yetu Mabula abaki na ng'ombe. Mimi ameniambia nikuandikie, kwa kuwa mambo haya yeye hawezi kuyatamka.

Basi usilie tena, dada. Mfikishie shemeji shikamoo yangu. Na mtakapokodi glasi za meza kuu, punguzeni moja. Baba anakuja na yake.

Mdogo wako akupendaye,
Esta (Paroko)