Shafti Mpya ya Lori la Vioo

Jumanne, 4 Machi
Vioo vitatu vimevunjika. Vitatu! Miaka kumi na tisa nabeba vioo vya watu, sijawahi kuvunja hata cha kujitazamia, leo vitatu kwa safari moja. Mwenye duka la vioo hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba Jumatatu kuna vioo vya hospitali, vikubwa, na kama siviwezi nimwambie mapema atafute mtu mwingine. Mtu mwingine! Kwa heshima zote, bosi, mwenye tatizo ni lori, si mimi. Usukani umelegea. Nauzungusha robo nzima ndipo matairi yanapata habari.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa malori. Kalala chini ya lori dakika mbili, katoka na hukumu: shafti ya usukani imekwisha, viungo vyake vimelika. Nimpelekee gereji, asubuhi moja tu kazi imekwisha. Nikamwambia ahsante, nitaibadilisha mwenyewe, hapa hapa uani. Akacheka. Acheke. Gereji kwake wakimaliza kazi lazima waliendeshe kulijaribu, na usukani wangu haushikwi na kila mpita njia.

Mke wangu kauliza kwa nini najitesa. Nikasema mwanaume hutengeneza gari lake. Akauliza kama ndiyo maana bomba la jikoni linavuja tangu mwaka jana. Nikaenda kutafuta spana, nilikuwa na kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Shafti nimepata. Muuzaji kaapa ni mpya kabisa, haijawahi kuguswa. Rangi yake imebaki kwenye viganja vyangu. Mpya kweli, ilipakwa asubuhi.

Nimefunga usukani kwa kamba usizunguke. Ukizunguka shafti ikiwa nje, ukija kurudisha, gari linakwenda mbele huku usukani unatazama kwa jirani. Kisha nikaweka alama pale shafti inapounganika, kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ile nyekundu ya kuendea harusini. Ruhusa sikuomba. Atajua siku ya harusi.

Boliti ni mbili. Ya juu imetoka kwa adabu. Ya chini imeota kutu, haisikii. Nimeimwagia mafuta, nimeipiga nyundo, nimeitukana, nimeibembeleza. Jirani kapita akasema pole na kazi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mwisho wake.

Ijumaa, 7 Machi
Imetoka! Ile ya zamani ukiishika inacheza kama jino la mtoto. Nimewaonyesha watu wote waliokuwepo nyumbani, yaani mke wangu. Nikaiweka juu ya meza ya chakula, ushahidi uonekane. Kaiondoa.

Kufunga mpya sasa. Boliti ya chini ikaniponyoka mara sita. Mke wangu alikuwa amechuchumaa ananimulikia tochi. Mara ya saba akaichukua, akaiingiza kwa vidole viwili. Mara moja tu! Nikamwambia ni kwa sababu ana mkono mdogo. Akasema, “Ndiyo, ni mdogo.” Sikupenda alivyokubali. Huyu mwanamke hajakubali neno langu haraka hivyo tangu nimuoe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelijaribu. Linayumba kuliko mwanzo!

Usukani haujalegea hata kidogo, ukiugusa tu matairi yamekwisha kusikia, lakini lori linakwenda huku na huku kama limetoka kilabuni. Nimesimama mara tatu kukagua boliti. Zimekaza. Basi ni matairi. Nimejaza upepo, bado. Basi ni barabara. Nimekwenda ile ya lami mpya, bado. Basi ni yule tapeli wa shafti, nilimjua tangu ile rangi yake.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja kukagua. Kashika kila kitu, kavuta, kasukuma. Kazi safi, akasema, hata yeye asingefunga vizuri zaidi. Shemeji kunisifu! Hapo hapo nikajua kuna jambo.

Akampa dada yake ufunguo. Leseni anayo, tena ya malori. Nilimfundisha mwenyewe kwenye lori hili hili, kabla ya watoto tulikuwa tunapokezana safari za mbali. Nikasimama getini nione naye akiyumba. Akaenda hadi mwisho wa mtaa, akageuza, akarudi. Limenyooka. Limenyooka kabisa, na usukani kaushika kwa mkono mmoja.

Shemeji hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, kisha viatu vyake. Akaniambia polepole kwamba ile shafti iliyolegea ilikuwa inameza mtetemeko wa mikono yangu. Hii mpya haimezi, inaupeleka wote kwenye matairi. Nikasema ni uchovu. “Labda, shemeji. Lakini nenda ukamwone daktari.”

Mke wangu akasema ameona tangu mwaka jana, kwenye kikombe cha chai. Mwaka mzima! Na mimi nilikuwa nakijaza nusu, nikijiona mjanja.

Naogopa. Haya, nimeandika.

Jumatatu, 10 Machi
Vioo vimepakiwa. Kumi na viwili, vimesimama wima, vimevishwa mablanketi kama wagonjwa. Niko kwenye kiti changu. Nimewaambia naandika kilometa. Kilometa gani, na lori halijasogea? Ufunguo umekosa tundu mara mbili. Tundu ni lile lile la miaka kumi na tisa.

Mke wangu kasema kaja kunisindikiza tu. Hajawahi kunisindikiza duka la vioo tangu dunia iumbwe. Na anayesindikiza huvaa ndala, yeye kavaa viatu vya kamba. Kasimama chini, mlangoni upande wangu, hasemi kitu. Si aseme! Nikiamrishwa najua kubisha, lakini hivi alivyonyamaza sijui nimbishie nini.

Mwenye duka kazunguka lori lote, kajaribu kamba moja moja. Sasa kafika hapa mlangoni. Kauliza nani anaendesha leo.

Mke wangu angeweza kumjibu. Hajamjibu. Kaniachia mimi niseme.